Jiko Lililobaki na Plagi

Kaka yangu walimwita Mkata Plagi, na jina lile hakulipenda hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupima vyombo vya umeme viwandani, maofisini na kwenye nyumba za kupanga: pasi, birika, majiko, feni. Kizima alikibandika karatasi ya kijani. Kibovu alikibandika nyekundu, halafu hapo hapo akatoa koleo, akakata plagi na kuitia mfukoni.

"Karatasi hubanduka," alikuwa akisema. "Plagi iliyo mfukoni mwangu hairudi ukutani."

Waajiri walimnunia, wenye nyumba walimwona mkosi. Lakini wapangaji wa mtaa mzima walijua: chombo alichokipitia yule bwana kikabaki na plagi, kitumie bila wasiwasi.

Siku moja zamu ikaifikia nyumba ya mjomba wetu. Huyu ndiye aliyetulea mama alipofariki, akatusomesha, na hajawahi kutuacha tusahau. Alipangisha vyumba sita, kila kimoja na jiko lake la umeme, na sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe anachompa mpangaji hakitamdhuru. Jiko la chumba cha tatu, kwa mama mmoja fundi cherehani, lilikuwa limekatika waya wa ardhi. Umeme ukivuja hauna pa kushukia, unabaki kwenye bati ukimngoja mtu. Mwenye chumba alikuwa ametoka kununua nyuzi. Kaka akatoa koleo.

"Mjomba, ndio nini sasa?" mjomba akamwuliza. "Unikatie plagi mimi, wapangaji wananitazama?"

"Ni bovu, mjomba. Litaua mtu."

"Kwani nimekataa? Bandika hiyo nyekundu yako, jioni nalitoa naleta jingine. Au nimekulea ili uje univue nguo hadharani?"

Kaka akabandika nyekundu, akarudisha koleo. Nilikuwapo, nimemshikia daftari, na nitasema kweli: nami nilinyamaza. Tulilelewa kumheshimu mkubwa, na siku ile heshima ilitufanya wajinga.

Jiko jingine halikuja. Mjomba alikiri baadaye, bila hata kuinamisha uso, kwamba aliibandua ile karatasi kwa ukucha kabla hatujafika barabarani. Siku ya tatu mama cherehani alinyanyua sufuria kwa mkono wenye maji, umeme ukamnasa. Mjomba mpaka leo anasema ni mipango ya Mungu. Mungu gani huyo anayebandua karatasi?

Tulimkuta mama cherehani wodini, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Vidole vitatu vilikuwa vimekatwa, na kimoja ni kile cha kuvalia tondoo anaposhona. Kaka alisimama kando ya kitanda, uso kauinamisha. Mama wa watu akamwonea huruma.

"Usijilaumu, fundi," akasema. "Nilirudi nikaambiwa umepita. Nikaliangalia jiko, plagi ipo. Nikasema, ah, yule angeona ubovu asingeiacha. Labda liliharibika baada ya wewe kuondoka."

Kaka angeweza kuitikia tu, tukaenda zetu. Nilitamani aitikie, Mungu anisamehe.

"Halikuharibika baadaye, mama," akasema. "Niliuona ubovu."

Mama cherehani akauvuta ule mkono wake chini ya shuka, tusiuone, akatuambia tuondoke.