Kiapo cha Mstarini na Nanasi la Kopo

Mwaka ninaousema, mwanangu, usiniulize nambari yake. Ni mwaka tuliokula mananasi ya kopo. Mimi niliyezaliwa Unguja, niliyekuwa nikiyaona mananasi yakioza shambani hata ng'ombe akiyageuzia uso, nimekaa Ibra, bara ya Omani, juu ya mkeka nafungua nanasi kwa kisu! Vipande vimekatwa duara, vina tundu katikati kama bangili, na mgeni anapewa kimoja kimoja kama dawa. Tende zilikuwapo usiseme, na papa mkavu alikuja kutoka Sur akinuka mpaka barazani. Lakini heshima ya mgeni mwaka ule ilikuwa nanasi la kopo. Muhogo nilikuwa nikiuota tu.

Siku moja ya mwaka huo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Rayya, binti yangu wa kwanza, ana miaka tisa, alirudi skuli akatupa mkoba wake, akapanda juu ya gunia la mchele na kunyanyua mkono.

"Mama, sikiliza! Tumefundishwa maneno mapya ya kusema mstarini, mbele ya bendera." Akayasema kwa Kiarabu, kisha akanifasiria, maana Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kununulia kitunguu. Yalikuwa hivi: naapa kwa Mwenyezi Mungu Mtukufu, nitaitii nchi yangu na Sultani wangu, nitasema kweli, nitawaheshimu wakubwa, na sitachelewa skuli.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikauweka ungo chini.

"Mnaapa hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama. Isipokuwa Alhamisi na Ijumaa."

"Na jana ulichelewa?"

Akashuka kwenye gunia. "Kidogo tu."

"Basi umemwapia Mungu na umevunja. Ahadi ni deni, na hii umeiweka kwa Mwenye nchi zote. Kesho mkifika hapo, wewe funga mdomo."

Mimi nilisoma kidogo, mwanangu, wala sikufichi. Lakini hili nililijua tangu utotoni: mtu akiapa kwa Mungu kisha akavunja, ana kafara juu yake, alishe masikini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nikawaza, mtoto huyu mpaka amalize skuli atakuwa amevunja viapo vya kulishia Ibra nzima.

Rayya akafunga mdomo. Siku ya kwanza hakuna aliyeona. Siku ya tatu niliitwa.

Mudira, yaani mwalimu mkuu wao, alikuwa mwanamke wa Kishami, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, chaki imemganda kwenye vidole. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya. Kiswahili hajui, Kiarabu sikiwezi, kwa hivyo Rayya ndiye aliyekuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

"Mudira anauliza, kwa nini hutaki niape? Kuna ubaya gani kuipenda nchi?"

"Mwambie nchi naipenda. Lakini jina la Mungu si filimbi ya kupangia watoto mstari."

Rayya akasema maneno mawili matatu. Nikamtazama. "Mbona umefupisha?"

"Umesema kwa ukali, Mama."

Mudira akafikiri, akanena taratibu. Rayya akaniambia, "Anasema, basi uape wewe hapa mbele yake, mara moja tu, nione mimi kuwa si jambo la kuogopwa."

Nikamjibu:

"Siapi. Nikipenda utaniona, nisipopenda utaniona."

Hilo hakulifupisha. Mudira akasema mtoto abaki nyumbani mpaka mama yake afikiri.

Unajua maneno ya mtaani. Nikienda kuteka maji kwenye falaji, ule mfereji unaonywesha mitende yao, wanawake walininyamazia mmoja mmoja. Mmoja akasema nisikie, "Hawa Zinjibari, nchi imewapa taa na hospitali, wao kuipa neno tu hawawezi." Na karatasi zetu za uraia zilikuwa bado ofisini. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati na kurudi Alhamisi, alinambia neno moja tu: "Utatuangamiza." Akageukia ukutani akalala.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Rayya. Asubuhi alipanda juu ya paa. Skuli haikuwa mbali, na sauti za wenzake zikitufikia. Nikamwona amesimama wima, mkono juu, midomo inacheza bila sauti. Kile kiapo alikuwa anakisema chote, ila alikuwa anakimeza.

Ilipita wiki hivyo. Nisikwambie uongo, nilikuwa sijui ninalolitetea. Asubuhi nilijiona shujaa, adhuhuri nilijiona mpumbavu, na jioni nilikuwa yote mawili.

Ndipo siku moja baada ya Alasiri mudira akaja kwangu yeye mwenyewe, gari likimngoja nje. Alikuwapo pia Bi Ghaniya, shangazi yake mume wangu, mtu wa Ibra aliyewahi kukaa Unguja zamani na kurudi na Kiswahili kama mchele wenye mawe. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nikamimina kahawa. Nikafungua kopo, la mwisho nililokuwa nalo. Mudira hakugusa kitu. Alisema lake kwa ufupi, kwamba mitihani inakaribia na Rayya ndiye anayejua hesabu kuliko darasa zima, kisha akasimama aende zake.

Nami, mwanangu, bila ya kufikiri, kama mtu anayepiga chafya, nikamshika mkono na kumwambia kwa Kiarabu kile nilichokijua vizuri:

"Wallahi huondoki hujala!"

Unavijua viapo vyetu hivi. Mgeni huapiwa mpaka ashibe: wallahi utakaa, wallahi utakunywa, wallahi hiki kipande ni chako. Sote tumekulia humo. Mudira alinitazama, akalitazama gari dirishani, akaketi. Akachukua kipande kimoja cha nanasi, akakila chote polepole, akajifuta vidole. Akasema, na Rayya akafasiri kwa sauti ndogo:

"Anasema amekula ili usivunje kiapo chako. Anasema na yeye anamwogopa Huyo uliyemtaja."

Kama ardhi ingepasuka ningeingia.

Bi Ghaniya akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Nyani haoni kundule! Tangu nimeingia humu umeapa juu ya kahawa, umeapa juu ya tende, umeapa hata juu ya huu mto nilioegemea. Ulimi uliomfunga mtoto mdomo ndio huo unaomkaba mgeni?"

"Hayo mazoea tu, Bi Ghaniya."

"Na ya mtoto mstarini ni nini? Si mazoea?" Kisha akaacha kucheka. Akanikazia macho. "Sikiliza, bint. Mtoto wa miaka tisa hana kalamu. Malaika hamwandiki. Hilo unalijua kama ninavyolijua. Basi unayemwogopea si Rayya. Nambie ni nani."

Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Siku ile nikasema.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, skuli ya wasichana, Unguja mjini. Mwalimu wetu alitupanga uani, akatuapisha kwa Mwenyezi Mungu kwamba tutamtii Sultani daima. Tukaapa. Haukwisha mwezi, yakawa yaliyokuwa, damu na makelele, na tuliporudi skuli, mwalimu yule yule, uani pale pale, anasoma kwenye karatasi, akatuapisha kwa Mwenyezi Mungu yule yule kwamba tutaitii serikali mpya na Sultani hatumtaki. Tukaapa. Wenzangu wengine walikuwa wanalia, mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu niliogopa wasije wakajua baba yangu ni wa upande gani. Siku ya pili yake sikurudi tena skuli, na hayo ndiyo masomo yangu yote. Viapo viwili mdomoni, kila kimoja kinamla mwenziwe, na mimi nikikaa katikati miaka yote hiyo sijui nimevunja kipi na nimeshika kipi. Na sasa binti yangu ananiletea cha tatu?

Kahawa ilipoa. Mudira hakufahamu hata neno, na Rayya safari hii hakufasiri kitu. Alikuwa amelaza kichwa kwenye paja langu.

Bi Ghaniya akauliza, "Ulikuwa umeshavunja ungo?"

"Mwaka ule ule."

Akatikisa kichwa. "Basi kalamu ilikuwapo. Lakini ulishikwa kwa hofu, na wa kutiwa hofu ana udhuru wake. Sijui, mwanangu. Mimi si kadhi. Funga siku tatu upumzike."

"Nifungie kiapo kipi?"

"Funga tu, we mwanamke! Mungu hatakosa pa kuiweka saumu yako."

Kisha akamnyanyua Rayya kidevu. "Na wewe, mtu akiapa kisha akasema inshallah, amemwachia Mungu mlango. Sema wanavyosema wenzio. Ukimaliza tia inshallah yako."

Rayya akamfasiria mudira. Mudira akakunja uso, akawaza. Akasema hajui kama wakubwa wake watapendezwa, maana huenda wakaona mtoto anaitilia nchi shaka. Akachukua kipande cha pili cha nanasi, safari hii hakuapiwa. Akasema, "Lakini nani atakayekataza inshallah?"

Kesho yake nilisimama nyuma ya ukuta wa skuli, kama mwizi. Watoto wakaapa, wakamaliza wote kwa pamoja. Halafu sauti moja nyembamba: inshallah. Wakacheka. Siku ya pili sauti zilikuwa tatu. Wiki haijesha, mstari mzima ulikuwa ukisema, tena kwa nguvu kuliko kiapo chenyewe.

Na mimi nikafunga siku zangu tatu. Hadi leo sijui nilikifungia kiapo kipi. Wala sijui kama siku ile nilikilinda kiapo cha watoto wale au nilikitoboa. Mume wangu alisema nimekitoboa. Karatasi zetu zilitoka, alhamdulillahi, na sijui kama zilitoka kwa sababu ya inshallah au licha yake. Mtu mwenye elimu akija atuambie, nitamkaribisha.

Ninalolijua ni hili dogo, mwanangu, na ndilo ninalokupa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Usilichukue jina la Mungu ukalifanya kigingi cha kufungia maneno yako, hata maneno yawe mazuri kama kupenda nchi, hata yawe madogo kama kipande cha nanasi. Kama nchi unaipenda, amka mapema, sema kweli, teka maji zamu yako ikifika. Na kabla hujamfunga mwenzio mdomo, kwanza sikiliza wako unasema nini. Na ukiwa hujui, sema sijui. Bi Ghaniya alisema sijui mbele ya mgeni, na sijaona mtu aliyenitua mzigo kama yeye.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kushukuru na mzito wa kuapa. Akupe nchi isiyokulazimisha kuchagua. Akuepushe na viapo viwili.

Toka siku ile wageni wangu hula wakitaka, wasipotaka huwafungia chakula wakaondoka nacho. Nanyi wajukuu zangu mna tabia moja, mnanivuta buibui, mnanizunguka kama kuku: "Bibi, sema wallahi! Sema wallahi mimi ndiye unayempenda zaidi!" Mnajua jawabu langu, na bado mnauliza.

Siapi. Nikipenda utaniona, nisipopenda utaniona.