Kitabu Kisichomjua Babu

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo hapa Musoma kumnunulia mama dawa ya kupe. Muuzaji alipofungua kopo, harufu ile kali ikanipanda puani, nikawa tena msichana wa shule niliyesimama mbele ya josho la kuogeshea ng'ombe la kijijini kwetu, upande wa Guta, nikitazama jina la rangi ya bluu ukutani na kutamani kulikwangua kwa kucha. Sijui ninyi wenzangu mnawasamehe vipi watu mliowapenda. Mimi bado najaribu.

Nilikuwa kidato cha pili. Josho lilikuwa linakarabatiwa, na mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba jina la mzee aliyetoa ardhi yake litaandikwa ukutani. Tatizo ni kwamba koo mbili zilidai mzee huyo ni wa kwao: ukoo wetu, na wa kina Nyangeta, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja shuleni Bunda na kugawana naye hata ndizi. Madam wa historia alipotupa kazi ya utafiti, sote wawili tukachagua josho. Mwenyekiti aliposikia akafurahi, akasema basi wasomi watatuamulia. Sharti la madam lilikuwa moja, tukalikariri: vyanzo viwili, na visiwe vinajuana.

Chanzo changu cha kwanza kilikuwa babu. Alikuwa karani wa pamba mstaafu, mtu ambaye hata akienda kukamua ng'ombe kalamu ilikuwa mfukoni. Aliniita mke wake, kwa utani wa babu na mjukuu, nami nilimwamini kuliko redio. Aliniambia baba yake ndiye aliyetoa ardhi, akataja mpaka mti uliokatwa na rangi ya fahali aliyechinjwa siku ya uzinduzi.

"Lakini mimi unanijuaga, mke wangu," akasema, "naweza kukudanganya. Nenda Musoma kaulize maktaba. Kitabu hakinijui mimi."

Likizo nikaenda kwa mama mdogo Musoma, nikashinda maktaba siku tatu, vumbi la karatasi likinipigisha chafya na mama mmoja wa mapokezi akinikata jicho kila nikipiga. Siku ya tatu, kwenye kabati la vijitabu vya mkoa, nikakipata: chembamba, kimepigwa taipu, kina historia ya vijiji vyetu. Sura ya nne, josho. Baba yake babu, mti uleule, fahali yuleyule! Nilitaka kupiga kigelegele mlemle ndani. Nikanakili sura nzima. Kurasa za mwanzo niliziruka, maana nani anasomaga shukrani?

Nyangeta alikuwa na bibi yake tu, aliyemsimulia jinsi mihogo yao ilivyong'olewa ili josho lichimbwe. Kazi yangu ilipata nyota, ikasomwa mbele ya wazazi, na jina la baba yake babu likaandikwa ukutani. Kazi ya Nyangeta ilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu: chanzo kimoja.

Miaka miwili baadaye nilirudi maktaba kujisomea mtihani wa kidato cha nne, nikakichukua kijitabu kile kwa kujifurahisha tu. Safari hii nikaanza mwanzo. Ukurasa wa pili ulisema maelezo yote kuhusu kijiji chetu yametolewa na mtu mmoja, kisha jina la babu, na cheo chake cha ukarani. Nilisoma mara tatu. Chanzo changu cha pili kilikuwa babu yuleyule, ila amevaa karatasi.

Jumamosi nikaenda Guta. Hata shikamoo sikuitoa vizuri.

"Babu, kumbe kitabu kinakujua."

Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, muda mrefu.

"Ardhi ilikuwa ya wale kina Nyangeta," akasema. "Lakini watu wa kuandika walipokuja, waliuliza nani hapa anajua kusoma. Wakaletwa kwangu. Ungekuwa wewe, ungemtaja baba wa nani?"

"Na mimi ukanituma!"

"Nilikutuma kwenye kitabu, mke wangu. Kukisoma chote ilikuwa kazi yako."

Akacheka, akingoja nicheke naye. Sikucheka. Uongo wenyewe ningeuvumilia. Kilichoniuma ni kwamba alinituma kwenye kitabu kile kwa sababu alijua sitamshuku. Alifariki nikiwa chuoni, nikamlilia huku nimemkasirikia.

Zamani nilidhani aliyesalitiwa hapo ni mimi. Imenichukua miaka kukubali kwamba mimi na Nyangeta tulikuwa sawa, kila mmoja na chanzo kimoja, ila cha kwake kilisema kweli. Jina la bluu bado lipo, wanalirudishia rangi. Tukikutana sokoni Bunda tunasalimiana, ananiuliza hali ya mama, na sijawahi kumwambia.

Siku ile kazi ziliporudishwa alilaza kichwa dawatini akalia. Nikampapasa mgongo, nikamwambia kwa huruma ya kweli kabisa, "Usilie, Nyangeta. Siku nyingine uwe unaendaga maktaba."