Siku Maji ya Josho Yaliporudi Nyuma

Valvu ile ina mshale mgongoni. Mshale unaonyesha maji yaende wapi. Ukiifunga kinyume, maji ya kwenda yanazuiwa, ya kurudi yanapita. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Mimi nilimaliza la nne, nikaifunga kinyume.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, kwenye josho la ng'ombe, juu kidogo ya mji wa Tabora. Maji ya josho yalitoka kwenye bomba lile lile lililoteremka mpaka mtaa wa Gongoni, ndiyo maana tukaambiwa tuweke valvu, dawa ya kupe isije ikarudi kwenye maji ya watu. Dawa ile ng'ombe akiogeshwa anapona, akiinywa anakufa. Fundi mwenzangu, mzee mmoja wa Usoke, alikwenda kuongea na bwana mifugo. Nikabaki na spana yangu, nawaigizia wachungaji jinsi Mzungu anavyomkimbia fahali huku kashika kofia. Wakacheka, nami nikakaza. Mshale sikuutazama.

Mzee akarudi. "Haya, fungulia koki."

Nikafungulia. Mpira wa maji, ambao ncha yake ilikuwa imezama joshoni, haukutoa hata tone.

"Labda maji nayo yameenda kula," nikasema.

Hakucheka. Aliinama, akapangusa mgongo wa valvu kwa kidole gumba, akauona mshale umeelekea kinyume. Mara tukasikia honi ya treni ya Kigoma kule stesheni. Na injini ikianza kujaza maji, mabomba ya mji mzima huishiwa nguvu, yakaanza kufyonza. Mpira ukasinyaa kama utumbo. Ulikuwa unavuta dawa.

"Chomoa!"

Nikachomoa, mzee akafunga koki. Lakini kiasi kilishapita. Kijiko? Debe? Nani ajue.

"Kimbia bombani," akasema. "Mimi nabaki kuigeuza."

Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Pale bombani Gongoni kina mama walikuwa kwenye foleni, na mbele kabisa alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi niliyezoea kutaniana naye. Kila siku nilimwita mke wangu, naye kila siku aliniuliza ng'ombe wa mahari wamefika wapi.

"Msinywe! Maji yana sumu!"

Wakaangua kicheko. "Juzi ulisema mamba kaingia bombani," mmoja akasema.

"Leo si utani, wallahi!"

"Na juzi uliapa hivyo hivyo. Tupishe, watoto wana kiu."

Bibi alikuwa keshachota kata ya maji kwenye debe lake. "Mume wangu," akasema, "mbio zote hizo na kiatu kimoja? Au ng'ombe wangu wamekufa?" Akaiinua kata kuelekea mdomoni.

Siku nyingine ningemrudishia utani. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Kata ikasimama hewani. Tangu tujuane sikuwahi kumpa shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama usoni, akaimwaga kata chini, kisha akalipindua na debe lake.

"Mwageni," akawaambia wenzake. "Huyu leo hatanii. Kuna aliyekwisha kunywa?"

Wakatazamana. Nilihesabu midomo yao kama mwendawazimu, natafuta iliyolowa.

"Bado," mmoja akasema hatimaye. "Ndiyo kwanza yameanza kutoka, tena kwa kuchuruzika."

Treni ilipoondoka, bomba lilikohoa, likatema maji meupe kama maziwa, yenye harufu ya josho. Hapo hata aliyekuwa bado ananuna alirudi nyuma. Tuliacha bomba wazi, maji yakamwagika mpaka alasiri. Mzee akateremka, amelowa mpaka kiunoni, akaniambia valvu imegeuzwa na maji ni safi.

Nikawatangazia. Hakuna aliyesogea.

"Kunywa wewe kwanza," bibi akasema.

Nikakinga viganja, nikanywa. Bibi alilifudikiza debe lake, akalikalia, macho kwenye tumbo langu. Mimi nimesimama, nasikiliza kila kinachonguruma humo ndani. Jua likashuka mpaka usawa wa mapaa ya bati.

Akainuka polepole, akaweka debe chini ya bomba.

"Marahaba," akasema.