Macho Mekundu Niliyoyatafsiri

Aibu hii nimeificha miaka, lakini mmeniuliza kwa nini sitafsiri tena filamu, basi kaeni niwaambie, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele huko hakuchekeki.

Wakati ule mtaani kwetu Mirongo kila mwenye deki alikuwa na banda la video, nami nilikuwa mtafsiri, nasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, Kiingereza nilichokielewa nakigeuza Kiswahili, nisichokielewa natunga (tayari nilijiita mwandishi). Shangazi Kabula, aliyenilea, alikaanga sangara mlangoni, na watazamaji wangu ndio waliokuwa wateja wake.

Jumapili hiyo mchana zilikuwa filamu za wachawi tu. Tulianza na ya zamani isiyo na rangi, mchawi ana pua ndefu na kofia iliyochongoka, anapaa juu ya ufagio.

"Huyo mfagizi tu," akasema fundi baiskeli wa mstari wa mbele, banda likaangua kicheko.

Ikafuata ya rangi, mchawi mwenye uso wa kijani, wakacheka zaidi. Ya mwisho ilikuwa mpya, mchawi ni msichana mrembo, wakapiga miluzi.

"Mtafsiri, mwambie aniloge mimi."

Nikaudhika, kana kwamba wananicheka mimi. Mrembo aliponong'ona maneno nisiyoyaelewa nikaamua kuwatia hofu kidogo, kidogo tu: "Anasema uzuri huu ni ngozi. Ndani mimi ni bibi kizee wa macho mekundu, nakaa mlangoni penu, mnanisalimu kila siku."

Miluzi ikakatika, wa mstari wa mbele wakarudisha mabenchi nyuma. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Filamu ikaisha, mlango ukafunguliwa, na pale kwenye moshi alisimama shangazi, macho mekundu kwa kuni za maisha yake yote, anatabasamu.

"Karibuni samaki, wanangu."

Hakusogea mtu. Fundi baiskeli, aliyekula kwake asubuhi ileile, akatema mate.

Nikatoka mbio na kipaza sauti mkononi, waya ukavuta spika ikaanguka nyuma yangu kwa kishindo, nami napiga kelele kama kichaa: "Jamani, yale nimetunga mimi, filamu haikusema."

"Siku zote unatafsiri," akasema fundi, "leo ndiyo umetunga?"

"Huyu ni shangazi yangu."

"Ndiyo maana ulijua anakaa mlangoni."

Kwetu neno la uchawi halibaki neno. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho kama yale. Samaki wakaungua kwenye karai bila mnunuzi, siku hiyo na zilizofuata, watoto wakakatazwa kupita pale, mpaka binti yake akaja kumchukua akaishi naye kisiwani Ukerewe. Bandarini nikamwamkia, nikishindwa kumtazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Samaki wangu umekula tangu utotoni," akasema. "Moshi ulishindwaje kuutafsiri?"

Kipaza sauti sikukishika tena. Siku hizi naandika hadithi, na kila anapoingia bibi kizee, kabla sijayagusa macho yake nawasha kwanza moto, naeleza kuni zilivyokuwa mbichi, naeleza moshi. Nimeueleza mara nyingi, na vizuri, wanasema wasomaji. Shangazi hajui kusoma.