Mama wa Ofisini

Kaka yangu alipiga simu Ijumaa baada ya sala, siku ambayo huwa na nafasi na maneno mengi. Yuko Ulaya miaka mingi sasa. Ana kazi, ana mke na watoto, na ana chumba kitupu ambacho hakuna mazungumzo yatakayokwisha bila kukitaja. Chumba hicho ni cha mama. Mara hii hakuzunguka. Alisema sheria za huko zinamruhusu mtu kumchukua mzazi wake mzee akakae naye, ila lazima ithibitike kwamba huku alipo mzazi hana wa kumtunza.

"Weye ndo unayesomea mambo hayo," akaniambia. "Tuandikie. Andika mama hana mtu."

"Na mimi nani?"

Akacheka. "Hilo neno la kwenye karatasi tu, mdogo wangu. Usilitie moyoni."

Nililitia moyoni. Mimi hasira zangu ziko karibu, sina haja ya kuficha. Nilishika ufagio nikafagia ua wetu pale Gando mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mama ndiye niliyemwamsha asubuhi hiyo, ndiye niliyemchemshia maji ya kuoga, na baada ya yote hayo nikaambiwa niandike kwamba sipo.

Wakati huo nilikuwa kwenye mafunzo ya daraja la pili ya washauri wa mambo ya uhamiaji, Chake Chake. La kwanza nilishalimaliza zamani. Hilo linakufundisha kumsaidia mtu ajaze maombi yake bila makosa, ajue viza ya matembezi si ya kazi, asije akajikuta muda umemwishia na yeye bado yuko nchi za watu. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika ofisi yetu ndogo ya Wete: vijana wanaokwenda Arabuni, wake wanaowafuata waume zao. Daraja la pili ni jambo jengine kabisa. Huko unakutana na waliokataliwa, waliotenganishwa na watoto wao, wazee wanaovutwa huku na huku na watu wanaowapenda.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Unguja, sauti yake ya chini, macho yake hayasahau. Alikuwa akitutania kwa Kipemba chetu na sisi tukimtania kwa uvivu wa kupanda vilima vyetu, maana kwao ni tambarare. Lakini akianza somo hakuna aliyetania. Kila siku alirudia jambo moja: mteja ni yule ambaye maisha yake ndiyo yatakayohama. Si anayelipa, wala si anayepiga simu. Huyo muulize, kisha nyamaza. Akimaliza, msomee maneno yake mwenyewe, umuulize kama lipo la kuongeza au la kupunguza.

Wakati wa mapumziko nikamweleza habari ya kaka. Hakuremba maneno. "Kesi hiyo si yako. Mama ni wako, kesi mpe mwenzako. Na hilo la kwamba hana mtu, hali wewe upo, ukiliandika ni uongo, na cheti chako umeshakizika." Kisha akanitazama vizuri zaidi. "Zoezi la kuchukua maelezo unaweza kulifanya naye. Mama mwenyewe ameulizwa na nani?"

Nilikuwa nimemkasirikia kaka siku zote zile, na mimi pia sikuwa nimemuuliza mama.

Basi alasiri moja nikamkuta mama uani, kakaa juu ya mkeka, miguu kainyoosha kwa sababu ya magoti, anachambua karafuu. Nikamweleza kwamba nina zoezi la masomo, yeye awe mteja na mimi niwe mshauri. Akakubali haraka, kwani mama anapenda mchezo kuliko anavyojionyesha. Nikatoka nje, nikazunguka mpaka mlango wa mbele, nikapiga hodi.

"Karibu! Nani?"

"Mimi mshauri, natoka ofisini. Masalkheri, Bi."

"Akheri, mama wa ofisini. Kaa kitako. Binti yangu hayupo, ningemwambia akutilie chai."

Nikazuia kicheko, nikakaa, nikafungua karatasi.

"Nani anakupikia, Bi?"

"Binti yangu. Kabla hajatoka kwenda kazini keshaniwekea chai na muhogo. Akirudi, jikoni tena, na yeye kachoka vyake."

"Magoti yakikuuma?"

"Ananikanda. Ana mikono mizuri ntoto yule. Hasira nyingi, lakini mikono mizuri."

Nikaandika, na hasira pia nikaziandika. Kwetu mzazi hamsifu mwanawe usoni. Anaogopa jicho, tena anaogopa kumvimbisha kichwa. Katika umri wangu wote, sifa kubwa niliyowahi kuipata kwa mama ni "leo chumvi imekaa". Sasa alikuwa akimsifu binti yake kwa mgeni, na mgeni ni mimi, na sikujua niyaweke wapi macho yangu.

"Na akiwa hayupo, Bi, unakuwaje?"

"Nasikiliza njia. Nayajua makanyagio yake. Yule hatembei, yule anaipiga ardhi." Akatabasamu kuelekea kwenye karafuu zake. "Nikimsikia tu, roho inatua."

Likabaki swali lenyewe. Nilishaligeuza kichwani mara nyingi, na bado lilitoka kwa shida. "Bi, wewe mwenyewe unataka kwenda kukaa kwa mwanao?"

Vidole vyake viliendelea, karafuu upande huu, vijiti vya makonyo upande ule. Mimi ni mtu wa kujaza kila kimya kwa maneno, na kile kilinichoma. Nilitaka kumwambia baridi ya Ulaya itammaliza, sitaki aende, nyumba itakuwa kubwa. Nikauma ulimi kama nilivyofundishwa.

"Ntakwenda," akasema.

Nikaliandika neno hilo. "Naomba unieleze kwa nini."

"Kwa ajili ya yule binti. Alikuja bwana wa Micheweni kumposa, mtu mzima, na shughuli yake ya mwani, kamkataa. Najua kamkataa kwa sababu yangu mie. Kaogopa kuniacha. Mie nikiondoka atapata kupumua." Akapuliza vumbi kwenye mkeka. "Huko baridi, najua. Watu hawaamkiani, najua. Ntakaa kwenye hicho chumba, ntazoea. Ila yeye usimwambie."

"Siri ya mteja haitoki, Bi," nikasema. Ndivyo tunavyofundishwa kusema, lakini sauti haikuwa ya ofisini.

Nikamsomea maelezo yake tangu mwanzo: chai na muhogo, mikono, njia, bwana wa Micheweni, baridi. Alisikiliza huku akitikisa kichwa. Nikamuuliza kama lipo la kuongeza au la kupunguza.

"Ongeza moja. Andika nnauliza: binti yangu kachoka na mie?"

Kalamu nikaiweka chini. Mwalimu alitufundisha mengi, lakini karatasi ilishaanza kurowa kwa machozi.

"Sijachoka, mama."

"Mie nimemuuliza mama wa ofisini."

"Mama wa ofisini keshaondoka. Hapa niko mimi. Sijachoka na wewe, wala sikuchoka jana. Nakupenda, mama. Na yule bwana wa Micheweni nilimkataa kwa sababu alitaka niache kazi, na alikaa hapa mchana kutwa asikuamkie mpaka alipotaka chai."

Mama akaacha karafuu. "Ala! Na mie vino nkawa namsikitikia bwana wa watu!"

Tukacheka mpaka tukalia, au tulianza kulia kisha tukacheka, sikumbuki. Nilipopata pumzi nikamuuliza upya, mara hii mtoto kwa mama yake. Akasema anataka kuwaona wajukuu zake. Alale kwenye hicho chumba walichomwekea, kisha arudi alale kwenye chake.

Nilimpigia kaka nikamweleza kwamba mama anataka kutembea tu, si kuhamia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Badala yake akasema kwa sauti ndogo kwamba kile chumba alikipaka rangi mwenyewe, rangi ya mlango wetu wa Gando. Hasira zangu zote zikaniishia pale pale. Nikamwambia kwamba mama atakuja kuiona.

Kwa hiyo, baada ya kusoma kwangu kote kwa daraja la pili, lililotakiwa lilikuwa la daraja la kwanza: viza ya matembezi. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeishika kesi, mimi nikakaa kando kwenye benchi la wateja kama binti wa watu. Alimweleza mama kwamba anayeomba kutembea tu hutakiwa aonyeshe kuwa kwao kuna kitakachomrudisha: shamba, nyumba, biashara, chochote.

"Wewe, Bi, una nini cha kukurudisha Pemba?"

Mama alijifunga vizuri mtandio wake. Nyumba ile ni yake, na mikarafuu anayo nyuma ya nyumba, lakini hakuvitaja.

"Andika nna mtu," akasema.