Bomba la Mvua Juu ya Sukari ya Sajini

Maji yalirudi saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Dakika hiyo naijua kwa sababu saa yangu ya mkononi nilikuwa nimeivua na kuiweka dirishani mwa bafu isilowe, ikawa inanitazama, nami nimevaa bukta tu, nimeziba bomba la ukutani kwa kidole gumba. Aibu hii ningependa ifichike, lakini mke wangu Rispa huisimulia kila tukipata wageni, tena huitia chumvi, kwa hiyo nimeona afadhali niieleze mwenyewe kwa vipimo vyake sahihi.

Tulikaa kwenye kilima cha Mbuya, katika nyumba ya ghorofa moja ambayo wenyewe walikuwa Wahindi, wakaondoka na wenzao walipofukuzwa. Sisi tulikuwa juu. Chini yetu alikaa sajini wa jeshi kutoka West Nile na mkewe, Mama Zaituni. Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini Port Bell, tena Mkenya, na miaka ile Mkenya mwenye akili alimsalimu mwanajeshi kwa adabu kisha akapita. Kwa miaka miwili nilimwambia sajini "Jambo, Afande" kwenye ngazi, naye akanijibu "Jambo, Karani", na mlangoni pake sikuwahi kupiga hodi hata mara moja.

Rispa alikuwa amelazwa wiki tatu baada ya kupasuliwa tumbo. Daktari alisema kwa miezi miwili asiiname, wala asibebe kitu kizito kuliko birika. Kwetu tuliogea beseni lililowekwa chini, maana bomba la mvua la bafuni lilikufa kabla hatujahamia. Jumatano nilipokwenda kumwona alinishika mkono, akasema hana hamu ya chakula wala ya wageni, ana hamu ya kitu kimoja tu.

"Baba Ayubu," akasema (Ayubu ni mtoto wetu, alikuwa shuleni Kenya kwa bibi yake), "nikitoka hapa nataka kuoga nimesimama."

Basi nikanunua bomba la mvua lililotumika, zima kabisa, nikamwita Sebi, fundi wa mabomba aliyekaa Namuwongo karibu na reli. Akatazama ukuta, akasema kazi ni ya saa moja, malipo shilingi sitini, na nafasi atapata Jumanne. Rispa alikuwa anatoka Jumamosi saa sita mchana. Nikamwambia kwamba kwa saa moja shilingi sitini ni nyingi, na kwamba mimi ninacho kitabu cha kazi hizi (nilikinunua kando ya barabara, katika vile walivyoacha waliofukuzwa, na kwa kitabu hicho nilikwisha kutengeneza pasi, na pia redio, ambayo tangu hapo ilishika stesheni moja). Sebi alinisikiliza kwa heshima.

"Ssebo Kalani," akaniuliza (ssebo kwao ni bwana), "hiyo kitabu naye najua nyumba hii?"

Jioni nilichukua karatasi, nikaigawa kwa mstari, faida upande huu na hasara upande ule, na upande wa hasara nikaandika neno moja tu: uchafu.

Kitabu kilisema kwanza funga koki kuu. Jumamosi asubuhi nikaiona koki kwenye ukuta wa nyuma, upande wa jikoni, nikaikaza mpaka ikakataa, nikapanda juu kuijaribu kwa kufungua bomba la zamani. Halikutoa hata tone. Nilisubiri dakika tatu kwa saa, bado kukavu, nikaandika kwenye daftari: "Maji yamefungwa." Kumbe ile koki ilikuwa ya tangi lililokwisha kuondolewa zamani, na ukavu ule ulitoka mjini, kwa sababu siku hiyo kilima chetu kilikatiwa maji asubuhi badala ya alasiri (nilikuwa na jedwali la saa za kukatwa maji, nikaliamini kuliko anavyostahili kuaminiwa mtu yeyote wa maji). Na nisiseme kwamba wazo la kuuliza chini halikunijia. Lilinijia. Nilishuka mpaka ngazi ya tatu, nikamsikia sajini anakohoa, nikarudi juu.

Nikafungua bomba la zamani kwa nguvu, hesi, ile mikato ya kuzungushia, zikakwaruzika, likatoka. Nilikuwa nimelishika mkononi, nalipangusa, wakati ukuta ulipokohoa mara tatu, ukatema kutu, kisha ukaleta maji ya mji mzima. Niliziba kwa gumba. Gumba la karani halitoshi bomba la nusu inchi, maji yakawa yanatoka pembeni kama miale, yakanipiga machoni, yakapiga kitabu, yakajaa sakafuni na kufuata tundu lililobaki pale hodhi letu la kuogea liling'olewa. Nikiachia gumba nyumba itazama, nisipoachia sitaweza kuitafuta koki, na tena sikujua iko wapi. Nikaita msaada, kwanza kwa sauti ya kiungwana, halafu kwa ile nyingine.

Kutoka chini nikamsikia Mama Zaituni analilia sukari yake.

Baadaye nilielewa. Bafu lao, kama mabafu ya wengi siku zile, lilikuwa stoo, maana maji hayakutegemewa, na ndani ya hodhi lao, lililo safi na kavu, walikuwa wameweka gunia la sukari, akiba ya Iddi. Mji mzima ungeweza kuuzunguka kutwa ukitafuta nusu kilo ya sukari na urudi mikono mitupu. Maji yangu yalipita kwenye lile tundu na kuanguka wima juu ya gunia.

Viatu vikapanda ngazi. Nataka niseme kwamba niliogopa kwa ajili yangu, lakini nilichokiona akilini ni Rispa amekaa kwenye benchi la wodi na furushi lake, saa sita imefika, saa saba, saa kumi, hakuna anayekuja wala wa kumwambia nilikopelekwa.

Sajini aliingia na suruali ya jeshi na fulana, povu la kunyolea kwenye shavu moja. Akanitazama, akalitazama gumba, akakitazama kitabu kinachotiririka maji juu ya kigoda.

"Karani. Nani nakutuma?"

"Hakuna, Afande. Nilisoma kitabu."

"Kwa nini hapana uliza mimi? Koki iko kwangu."

"Niliogopa kupiga hodi, Afande."

Akasukuma mkono wangu, akaweka gumba lake, ambalo lilikuwa mara mbili ya langu, na maji yakakoma kama yamepewa amri. "Nyuma, chini ya ile jiwe ya kuku," akasema. "Kimbia."

Nilikimbia na bukta yangu mbele ya majirani waliokwisha kutoka kutazama, nikafukuza kuku, nikainua jiwe, nikafunga koki. Niliporudi nikajikuta nimemweleza yote, hospitali, beseni, saa sita.

"Bibi yako natoka hospitali leo, na wewe nacheza na bomba?"

"Ni kwa ajili yake, Afande. Anataka kuoga amesimama."

Akafuta povu kwa mkono. "Vaa nguo. Tunaenda."

Nguo nilizipata, viatu sikuviona (kimoja kilikuja kuonekana chini ya kitanda baada ya siku mbili). Akanishika bega kwa sababu nilikuwa nayumba, akaniongoza mpaka kwenye Landrova ya jeshi iliyoegeshwa nje. Sasa jiweke mahali pa majirani wale. Wanamwona Karani Mkenya hana viatu, amelowa, mkono wa sajini uko begani mwake, anapandishwa Landrova. Waliokuwa wanacheka wakaacha. Mama mmoja akamgeuza mtoto uso. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akavua kofia. Nilitaka kuwaambia ni bomba tu, lakini gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na mkono nilioupunga kuwatuliza naambiwa ulionekana kama wa kuaga.

Rispa alikuwa kwenye benchi na furushi lake. Alimwona mwanajeshi kwanza, halafu mimi, halafu miguu yangu. Akasimama, yeye aliyeambiwa asimame polepole, akaja akasimama katikati yetu.

"Afande," akasema kwa sauti ndogo, "huyu ni mume wangu. Kama kuna kosa ni langu."

Hapo ndipo nilipomsikia sajini akicheka kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. "Mama, kweli kosa ni yako. Wewe ndiyo nataka kuoga."

Rispa akanigeukia. "Nilikuwa nafunga bomba," nikamwambia. Akashika mshono kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakatoka, akaniomba kwa jina la Mungu nisiseme neno jingine mpaka tufike nyumbani.

Tulipofika, milango iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa mmoja mmoja, na fundi cherehani akavaa kofia. Mama Zaituni hakuwa amekaa bure. Hodhi lao lilikuwa na kizibo, kwa hiyo sukari haikupotea, iligeuka kuwa maji ya sukari tu, naye alikuwa ameyachuja kwa kitambaa, ameyachemsha, na sasa anawapikia chai wote waliokuja kutupa pole. Chai ile ilikuwa na ladha ya gunia na chokaa. Tamu kuliko ile sijanywa.

Nikamfuata sajini pembeni, nikamwambia anitajie bei ya gunia, nitalipa kila mwisho wa mwezi. Alitazama dari lake.

"Wewe hapana ona sukari," akasema. "Na mimi hapana ona maji." Nikaelewa kwamba deni limefutwa, na sukari ile haitatajwa.

Saa kumi na moja jioni alipanda kwetu na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ametoboa matundu chini kwa msumari na kuutia waya, akauning'iniza juu ya bafu, akashuka. Mama Zaituni akapanda kigodani na sufuria ya maji ya vuguvugu. Mimi niliketi nje ya mlango, nikasikia maji yanaanguka, na Rispa, amesimama, anaomba amwagiwe tena.

Jumanne Sebi alikuja, akatazama hesi nilizoharibu. Kitabu, kilichokuwa kinakauka dirishani, hakukitaja. Alidai shilingi tisini, sitini za kufunga bomba na thelathini za kuondoa kazi yangu. Nilimlipa. Na tangu siku hiyo, kila nyumba ninayohamia, kabla sijagusa bomba lolote nashuka ngazi zote na kupiga hodi kwa jirani, hata nikisikia anakohoa.

Hasara yote, bila kuhesabu sukari, ambayo sikuiona: shilingi thelathini.