Msimu Niliougundua Kibenga

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kwa mwaka mzima nilivua viumbe ambao hakuna mtu Bujumbura aliyewahi kuwatamani: zuplanktoni, vijidudu vya majini vidogo kuliko chembe ya chumvi. Nilitaka kuonyesha jinsi wanavyobadilika kwa misimu kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa pale Kibenga, maji maangavu yasiyo na rutuba hata kidogo. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho kupata shahada ya pili. Mke wangu alishasema nyingine haipo.

Kila mwezi mvuvi mmoja alinipeleka kwa mtumbwi wake, Jumamosi, siku niliyokuwa huru. Lakini Jumamosi asubuhi kuna kazi za jamii za lazima, zile tunazoziita travaux. Basi tulizibua mitaro pamoja na majirani mpaka tukaruhusiwa, na saa tano, jua kali, ndipo tukavuta wavu. Tulipata wachache mno. Julai shule zikafungwa kwa likizo, tukaanza kwenda siku za juma, alfajiri. Chupa zikajaa. Kiangazi kimewaleta, nikajisemea, nikachora mchoro wenye mstari unaopanda kama barabara ya kwenda mlimani Kinanira.

Siku ya kutetea tasnifu yangu chuoni nilivaa suti ya harusi. Vinywaji vilishaagizwa. Mvuvi alikaa mbele, amenyoa ndevu, akijivuna kuliko mama yangu.

Profesa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akauliza kwa Kifaransa: wavu mliuvuta saa ngapi?

Hapo nikakumbuka jambo ninalowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: vijidudu hawa hupanda juu gizani, na jua likitoka hushuka kujificha.

"Asubuhi," nikajibu. Haikuwa uongo. Profesa akaanza kuandika.

Mvuvi, ambaye Kifaransa cha kutaja saa anakijua vizuri, aliona ninajinyima sifa. Akasimama.

"Apana, muzee! Jumamosi tulikuwa tunangoja travaux ziishe, saa tano. Ni mu vacances tu tulikuwa tunatoka mapema, jua haiyatoka. Huyu mutu aliteseka sana!"

Profesa akaweka kalamu chini. Akasema, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba nilichopima kwa mwaka mzima ni likizo za shule.

Vinywaji tulivinywa hivyo hivyo. Mvuvi alinipongeza, akagonga chupa yake na yangu. Katika ukumbi ule ni yeye peke yake aliyesema ukweli wote kwa ajili yangu, na jioni ile nzima nilimchukia.